Bonyeza Ndiyo

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua daftari hili ili nisisahau. Najijua: hasira yangu ni kali lakini haikai. Nikilala nikiamka naanza kuwaonea watu huruma. Safari hii nataka ikae. Nitaandika, na kila nitakapojisikia kulegea nitafungua ukurasa huu nisome.

Leo jioni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, amenifanya kichekesho mbele ya mkata tikiti na watu waliokuwa wanangoja mvua ipungue. Mjini wanamwita Koo kwa sababu ya sauti yake. Sauti anayo, simnyimi. Kila Jumamosi anakaa kwenye stuli pembeni ya pazia jeupe, maiki mkononi, na filamu ya kigeni inayoonyeshwa anaisimulia kwa Kiswahili. Atasema kama mwanamume, kama bibi kizee, hata mbwa anamsemea. Watu wanalia, wanacheka, wiki inayofuata wanarudi. Lakini Koo hajui lugha hata moja ya hizo filamu. Anayezijua ni mimi. Miaka kumi na miwili nimekaa chumba cha nyuma cha ule ukumbi, naangalia diski mara nne, mara tano, naandika kila neno kwenye karatasi na dakika yake pembeni. Yeye anasoma.

Nilimwomba kitu kimoja. Kwenye bango, chini ya jina lake, liandikwe na langu: imetafsiriwa na fulani. Herufi ndogo tu, zikaribie ukubwa wa mchwa.

"Shem," akasema, na sauti akaipandisha ili wote wasikie, "watu wanakuja kusikiliza sauti. Karatasi nani anakuja kuisikiliza?"

Kicheko kilichopigwa pale! Mkata tikiti alifuta machozi kwa kitabu cha tikiti. Nikamwambia basi atafute karatasi kwingine. Akajibu, "Haya, madukani zimejaa."

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka ndani ya viatu.

Jumapili, 2 Machi

Mvua kutwa. Sijasahau.

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu amekuja. Yeye ndiye anayefagia ukumbi, anayepanga viti mia mbili vya plastiki, anayeandika mabango kwa rangi na mkono wake. Kwa ufupi, ukumbi ni wake, Koo anautia kelele tu.

"Dada, unamjua alivyo. Mdomo wake hauna breki."

"Basi aendeshe bila karatasi tuone atafika wapi."

"Usiseme hivyo. Msimu wa mvua ndio msimu wetu. Watu hawana pa kwenda, wanakuja kwetu. Tukiharibikiwa sasa, mpaka mwakani."

Nikamwambia nampenda yeye, simpendi mumewe, na hayo ni mambo mawili yasiyogombana. Akaondoka hajafurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekumbuka jambo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nimecheka.

Naliandika vizuri. Diski za filamu zina mipaka. Wenye filamu waliigawa dunia mafungu sita, kila fungu wakalipa namba yake, ili filamu iliyoanza kuonyeshwa kule isiangaliwe huku kabla hawajataka, na bei ya kule isiharibiwe na bei ya huku. Nyuma ya jalada kuna alama ndogo ya dunia, katikati yake kuna namba. Sisi na nchi nyingine chungu nzima ni namba tano. Lakini diski zetu anatuletea mhudumu wa ndege, ananunua popote anapotua, kwa hiyo leo ni namba moja, kesho namba mbili. Deki iliyotengenezwa kwa namba mbili, ukiitia diski ya namba moja, inaitema.

Deki yangu ya nyumbani fundi redio aliifungua zamani. Unatoa droo, unabonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, kinatokea kisifuri kwenye kioo, basi, inakula kila kitu. Kompyuta ya ukumbini haiko hivyo. Ile unaweza kuibadilisha namba, ila mara tano tu katika maisha yake. Ya tano ikipita, namba iliyopo ndiyo itakayobaki nayo. Na huwezi kufuta ukaanza upya, maana hesabu haikai kwenye kompyuta, inakaa ndani ya ile droo ya diski yenyewe.

Kila inapokutana na diski ya namba nyingine inaandika ujumbe kwa lugha ya kigeni: nikubadilishie? Umebakiwa na mara kadhaa. Hapo ndipo Koo alikuwa ananiita, "Shem, inasema nini?" Nami namwambia weka kwanza. Kisha nazipanga: za namba mbili zote tuzimalize, hata zichukue miezi minne, ndipo tuhamie namba moja. Kwa mpango huo, miaka miwili tangu inunuliwe tumetumia mara tatu tu. Sasa iko kwenye namba mbili na zimebaki mara mbili. Mwaka jana nilijaribu kumweleza, akanikatiza. Akasema hayo ni mambo ya karatasi.

Kumbe kazi nyingine niliyokuwa naifanya hata yeye hakuijua. Basi hatajua. Simwibii kitu, simvunjii kitu. Nanyamaza tu.

Jumamosi, 8 Machi

Wameonyesha filamu ya mwisho niliyowaandikia. Nasikia watu wamelia. Bango lina jina moja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejifunika mtandio mpaka machoni nikaenda, nikakaa safu ya nyuma kabisa. Nilitaka kumwona anavyoumbuka.

Diski ilikuwa ya namba moja. Ule ujumbe ukatokea kwenye pazia, mkubwa kama mlango wa karakana, na Koo hakuuliza mtu. Akabonyeza tu. Imebaki mara moja.

Filamu ni ya binti anayemzika baba yake, halafu anagundua baba alikuwa na familia nyingine upande wa pili wa mto. Nzuri, ya kuliza watu. Koo bila karatasi alifanya nini? Pale kaburini, binti ameinama analia, yeye akamfanya mlevi aliyeangusha funguo zake shimoni. "Jamani nani kaziona funguo zangu? Marehemu, hebu sogea kidogo." Ukumbi ukapasuka. Kuna mama mmoja alianguka na kiti chake. Mimi mwenyewe kicheko kilinifika kooni, nikajifinya paja mpaka pamebaki alama.

Walitoka wanasema hawajawahi kuona filamu tamu kama ile. Hakuna hata mmoja aliyeuliza karatasi iko wapi.

Hili ndilo limeniuma kuliko la kwanza.

Jumatatu, 17 Machi

Paja bado linauma. Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Sikuenda. Nimesikia kicheko mpaka huku, juu ya kelele za mvua kwenye mabati.

Jumamosi, 29 Machi

Kicheko tena. Nimefungua ukurasa wa kwanza nikausoma, ingawa sikuwa nimelegea. Nimeusoma kwa raha zangu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepeleka pasi kwa fundi redio. Yule mzee anajua habari za mji kabla hazijatokea. Akaniambia, "Mama, mlevi wa funguo ametuchosha. Wiki ya kwanza alikuwa kaburini. Wiki ya pili kwenye harusi. Juzi yuko kwenye ndege anatafuta funguo. Mke wangu kasema harudi."

Nikamwuliza kwa upole kama watu ni wengi. Akasema viti vinaanza kuonekana.

Nimelipia pasi bila kuomba punguzo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa, kicheko kidogo. Koo analazimika kupiga kelele kushindana na mabati. Sauti yake imeanza kukwaruza, nimeisikia nilipopita. Nilipita mara mbili.

Alhamisi, 17 Aprili

Nataka kuandika la leo sawasawa, bila kulipamba.

Saa nane mchana, mvua ikinyesha kama imetumwa, nikasikia hodi. Mdogo wangu. Amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni, kifuani amekumbatia kitu ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, juu yake amekizungushia mtandio wake mwenyewe. Kompyuta ya ukumbini. Yeye anatetemeka, yenyewe kavu.

"Imegoma," akasema hata kabla hajakaa. "Diski mpya ile, imeandika maneno mengi kuliko siku zote. Yeye alitaka kubonyeza tu. Nikamwambia hapana, usiguse, ngoja nikamwulize dada."

Nikampa taulo. Akaanza kuifuta kompyuta, siyo kichwa chake.

Nikaangalia jalada la diski: namba mbili. Nikawasha. Ujumbe ulikuwa pale, na ulikuwa wazi kuliko mchana. Ulisema imebaki mara moja. Ulisema ukibadilisha sasa, namba hii itakuwa ya kudumu na haitabadilishwa tena. Ukauliza: uendelee?

Nilijua mengine pia. Nilijua mhudumu wa ndege ameahidi kuleta, kwa ajili ya kufungia msimu, ile filamu ambayo mji mzima unaisubiri, na nilijua anainunua wapi. Huko ni namba moja. Kompyuta ikifungwa kwenye mbili leo, siku ile itakuwa sanduku la kuwekea chai.

"Inasema nini, dada?"

Nilikuwa na nafasi. Nakiri. Angekuwa yeye Koo ameketi pale, nisingefikiri hata nukta moja. Lakini alikuwa mdogo wangu, na maji yanamdondoka kwenye kidevu, na ananitazama kama alivyokuwa ananitazama akiwa wa darasa la kwanza nikimsomea maandishi ya kwenye maboksi. Nikaiona sura ya mkata tikiti anafuta machozi. Nikausikia ule mdomo: karatasi nani anakuja kuisikiliza.

"Inauliza kama una uhakika," nikasema. "Bonyeza ndiyo."

"Ndiyo ni ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Sikubonyeza mimi. Akabonyeza yeye, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Droo ikanguruma kidogo, picha ikaja, akafurahi mpaka akapiga makofi.

"Ahsante dada. Nilijua wewe hutatuacha."

Akaifunga tena kwenye ile mifuko, akatoka na mvua yake.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimesoma ukurasa wa kwanza mara tatu.

Jumapili, 20 Aprili

Najiambia: nilichosema si uongo mzima. Kweli ujumbe unauliza kama una uhakika. Nilipunguza tu. Mtafsiri yeyote hupunguza.

Hapana. Miaka kumi na miwili sijawahi kupunguza hata matusi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Viti vingi vitupu, nasikia. Sijapita.

Jumamosi, 3 Mei

Koo amekuja mwenyewe. Saa nne asubuhi, kofia mkononi, mwanamume mzima anasimama barazani kama mwenye barua ya kuomba kazi. Sauti ile imekwisha. Anazungumza kama mtu anayeburuza meza.

"Shem, nimekuja kwa miguu yangu."

"Naiona."

"Filamu ya kufungia msimu imefika. Na meneja wa ile sinema kubwa ya mjini kakubali kuja kunisikiliza. Akipenda ananichukua niwe nasimulia kwake, kwenye viti vya sufu, chini ya dari isiyopiga kelele. Sasa nikimletea yule mlevi..."

Nilimwacha asimame. Nilikaa nayo ile raha kama mtu anayenyonya pipi, sikutaka iishe.

"Na jina langu?"

"Mke wangu... yaani mdogo wako keshaanza kuliandika kwenye bango." Akajaribu kucheka, koo likamkataa. "Na mimi mwenyewe nitalitaja kwenye maiki. Mbele ya watu. Nilikukosea, shem."

Miaka kumi na miwili nimengoja maneno hayo, na nilipoyapata nikagundua siyaamini. Nilijiambia huyu anaogopa meneja tu, siku ikifika atalimeza jina langu kama alivyolimeza siku zote. Akanipa diski. Nikaigeuza. Alama ya dunia, na katikati namba moja.

Ningeweza kusema pale pale. Angekuwa na wiki tatu za kutafuta deki nyingine.

"Niachie," nikamwambia. "Nitaifanyia kazi nyumbani, kwenye deki yangu. Nitakuletea siku yenyewe."

Jumanne, 6 Mei

Filamu nzuri mno. Nimeanza kuandika.

Jumatatu, 12 Mei

Mpango wangu nauandika hapa ili niuone umekaa sawa. Siku ya filamu nitachelewa kidogo, nisiwape nafasi ya kuijaribu diski. Kompyuta itakataa mbele ya watu wote na mbele ya meneja. Nitamwacha Koo atoke jasho. Nitahesabu mpaka mia mbili. Kisha nitasimama, nitafungua mkoba, nitatoa deki yangu na waya wake, nitaiunganisha kwenye projekta. Kila mtu ataona ni nani anayeubeba ule ukumbi.

Mdogo wangu hatapoteza kitu. Filamu itaonyeshwa. Nimemfikiria yeye pia.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imeanza kuchoka. Nimeandika kurasa sitini na nne. Sijawahi kuandika vizuri hivi. Inaniudhi kwamba nimeandika vizuri kwa ajili yake.

Alhamisi, 22 Mei

Nimelijaribu bega, kama linaweza mkoba wenye deki. Linaweza.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeketi kitandani na nguo zangu za ukumbini. Ni asubuhi ya Jumapili tayari, lakini nitaandika chini ya tarehe ya jana kwa sababu ni ya jana.

Nilifika ukumbi umejaa. Watu wamesimama ukutani, wengine wamekalia ndoo. Kwenye mlango bango jipya, na mdogo wangu kaliandika jina langu kwa rangi nyekundu, herufi sawa na za Koo, si za mchwa. Nikasema moyoni, hilo ni lake mdogo wangu, siyo la yule. Nikamkabidhi Koo diski na karatasi, akazibusu zile karatasi, na mimi nikaenda kukaa safu ya tatu, mkoba chini ya kiti.

Meneja alikuwa safu ya kwanza, miguu ameikunja. Nyuma yake mfamasia wa duka la dawa la kona, mtu aliyesoma nje, anazijua lugha.

Koo akapanda kwenye stuli, akachukua maiki. Akakohoa. Sauti yake ilikuwa nusu tu ya ile ya zamani.

"Kabla hatujaanza," akasema, "miaka yote mnanipigia mimi makofi. Mimi ninachofanya ni kusoma. Hizi filamu mnazozielewa, anayezielewa kwanza ni shemeji yangu." Akalitaja jina langu lote. Langu, la baba na la babu. Akarudia, polepole, kama anayefundisha watoto. "Simama, shem, wakuone."

Nikasimama. Watu mia mbili na zaidi walipiga makofi. Mkata tikiti alipiga mluzi. Mdogo wangu, mlangoni, alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, analia kwa furaha. Nilichokitaka ndicho hicho, na kilikuja kizima, bila kupungua hata kidogo, na mimi nimesimama pale na mkoba wangu miguuni.

Hata wakati ule ningeweza. Ningeinama, nikatoa deki, nikasema jamani tutumie hii, ni nzuri zaidi. Nani angeuliza? Lakini makofi yalikuwa matamu, na kabla sijajua la kufanya Koo keshatia diski.

Ujumbe ukajaa kwenye pazia. Herufi kubwa kuliko vichwa vya watu.

Mvua haikuwepo ya kuficha kitu. Koo akautazama ule ujumbe, akanigeukia, maiki bado iko mdomoni, na swali alilokuwa ananiuliza chumba cha nyuma akaniuliza mbele ya mji mzima:

"Shem, inasema nini?"

Mfamasia alikuwa anausoma. Niliona midomo yake inakwenda.

"Inasema diski ni ya namba nyingine," nikasema.

"Haya, tubadilishe. Tunabonyeza ndiyo, si ndiyo?"

"Hakuna ndiyo. Inasema... inasema ilishabadilishwa mara ya mwisho. Haiwezi kubadilishwa tena."

"Ndivyo ilivyoandikwa," mfamasia akasema kwa sauti, akinisaidia. "Mara ya mwisho huwa inatoa onyo kwanza. Inaeleza vizuri tu. Nani aliibadilisha?"

Maiki ilikuwa wazi, kwa hiyo hata pumzi za Koo zilisikika. Yeye hakuelewa haraka. Aliyeelewa ni mdogo wangu. Alitoka mlangoni, akapita katikati ya viti mpaka kwenye safu yangu.

"Mimi," akasema. "Niliibadilisha mimi." Hakumwambia mfamasia, aliniambia mimi. "Ilikuwa imeandika hivyo siku ile? Yale maneno mengi?"

Akauona mkoba. Akainama, akaufungua, akakuta deki, na waya wa njano umekunjwa vizuri na kufungwa kwa raba.

"Umekuja na deki," akasema. Kisha akasema tena, chini zaidi, "Kumbe umekuja nayo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinyanyua ile deki, akaipeleka mbele mwenyewe, akaiunganisha mwenyewe. Picha ikaja. Koo akafungua karatasi ya kwanza na akasoma. Kwa ile sauti iliyokwaruza alisoma vizuri kuliko siku zote, maana hakuweza kupiga kelele, ikabidi aseme kama watu wanavyosema. Watu walilia. Meneja aliikunjua miguu na kuegemea mbele. Nilijua kila neno kabla hajalitamka, na kila neno lilikuwa langu, na nilitamani niwe nje.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Koo ndiye aliyefungua mlango. Akasema amelala. Nilimwona nyuma yake, anapasi nguo.

Jumatano, 28 Mei

Meneja amemchukua Koo. Ataanza mwezi ujao. Amesema anataka na mtafsiri yule yule. Nimeipata habari hii kwa fundi redio, siyo kwao.

Kwa hiyo hakuna aliyeumia. Yeye amepata viti vya sufu, mimi nimepata jina. Nimejaribu kumchukia Koo leo asubuhi, nimesoma ukurasa wa kwanza kwa sauti kabisa, na imekataa. Mtu aliyenikosea aliniomba radhi kwenye maiki. Aliyebaki hajanikosea kitu.

Jumapili, 1 Juni

Mdogo wangu ameleta diski mpya. Alisimama barazani. "Ya sinema kubwa," akasema. "Wanaitaka kufikia Jumatatu ijayo." Nikamwambia ingia unywe hata maji. Akasema ana haraka. Kuanzia hodi mpaka kwaheri hakuniita dada hata mara moja.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemaliza, amezichukua karatasi. Kurasa hamsini na moja, dakika zote pembeni.

Jumamosi, 7 Juni

Karatasi zimerudi, kaniletea mwenyewe. Kila ukurasa una alama ya vema kwa penseli, kona ya chini. Mwandiko siujui.

"Mfamasia amezipitia zote," akasema. "Anasema hakuna kosa."

"Nilijua hakuna."

"Wewe ulijua," akasema. "Sisi tungejuaje?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Akanipa na bango, akaomba nilisome kabla hajalibandika, kama kuna herufi iliyokosewa. Ni zuri. Rangi nyekundu na nyeusi, mistari imenyooka. Juu jina la Koo. Chini yake: Imetafsiriwa na, halafu jina langu, la baba na la babu. Chini yangu: Imehakikiwa na, halafu jina la mfamasia. Majina yote matatu ameyaandika kwa ukubwa mmoja.

"Kuna kosa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, na akaenda kulibandika.